Kibuyu Kisichoonjwa

Anatoli hakuzaliwa na shuku. Wanaomkumbuka ujanani wanasema alikuwa mcheshi, mtu wa kula popote na kulala popote. Lakini ukimkuta sasa, mzee wa miaka sitini na kitu, amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba yake inayotazamana na vilima vya Lukole, utakuta mtu anayeshuku hata chumvi. Msibani hunywa maji aliyotoka nayo nyumbani. Akikaribishwa chakula hungoja mwenye nyumba amege, atafune, ameze, kisha akae kidogo, ndipo naye anyooshe mkono. Neno lake ni moja: "Tangulia." Ndiyo maana kijiji kizima humwita Mzee Tangulia. Hakuna anayethubutu kulitamka jina hilo mbele yake, lakini analijua, na ana watu wawili watatu anaowashuku kuwa ndio waliolianzisha.

Tumtendee haki. Huku Ngara kutangulia kuonja ni adabu ya siku zote. Mwenye pombe hutia mrija kibuyuni, huvuta fundo la kwanza mbele ya macho ya watu, ndipo humpa mgeni. Hapo kila mtu anajua kwamba kilichomo ni rubisi, pombe ya ndizi, na si kitu kingine. Na kama ndizi zilikanyagwa na watu wawili, kibuyu cha kwanza kikitoka mdomoni mwa mwenye nyumba huenda kwa mwenza aliyekanyaga naye. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na hakuna anayeivunja.

Isipokuwa Ndikuriyo. Ndikuriyo aliivunja.

Ilikuwa siku ya ubatizo wa mjukuu wake, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Pombe walikuwa wameikanyaga pamoja, yeye na Anatoli, kama walivyozoea. Ndikuriyo alitia mrija kibuyuni, akaupeleka mdomoni, akasita. Akageuza uso pembeni kuelekea migombani, akanyoosha mkono kinyumenyume, akamkabidhi Anatoli kibuyu bila kuvuta hata tone. Watu walikuwa wengi, nyimbo zimepamba moto, Anatoli akaona haya kukataa. Akanywa. Kesho yake aliamka kifua kimembana, na kufikia msimu wa mvua uliofuata, pumzi zake zilikuwa zimeanza kukatika.

"Nimelishwa," alikuwa amemwambia mkewe, Eufrazia, asubuhi ile ya kwanza. Na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumng'oa hapo. Alikwenda kwa mganga mmoja Biharamulo akatapishwa mpaka nusura atapike roho. Aliombewa. Alipimwa kifua kikuu mara kadhaa, akaambiwa hana. Mtu mwingine angeshukuru. Anatoli alitikisa kichwa na kusema kwamba hilo lenyewe ndilo ushahidi, kwa sababu sumu ya watu wa ng'ambo haionekani kwa darubini ya hospitali.

Ng'ambo, maana yake Burundi. Ndikuriyo alikuja Lukole enzi za kambi ya wakimbizi, kijana mwenye suruali moja. Kambi ilipofungwa yeye alibaki, maana alikuwa ameshaoa hapa kijijini na kupata karatasi zake. Wakati kambi imejaa, ilijaa pia watu wenye kiu, na Anatoli alikuwa na migomba. Basi wawili hao wakaungana. Walichimba mashimo makubwa ya kuivishia ndizi, wakazifukia kwa majani na udongo, kisha kila mmoja kwa zamu analala kifudifudi kwenye tundu la pembeni na kupuliza moto wa majani makavu na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ili moshi uingie ndani na ndizi ziive haraka. Walipuliza asubuhi, walipuliza jioni, miaka nenda miaka rudi. Macho yalikuwa mekundu muda wote na makohozi yalitoka meusi. Walicheka tu. Ndizi zikiiva waliingia ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, wakashika mti uliofungwa juu yao, wakakanyaga ndizi pamoja na nyasi mpaka juisi itoke, huku wakiimba. Hakuna aliyekuwa na mguu wa kwenda sawa na mguu wa Anatoli kama Ndikuriyo.

Huyo ndiye Anatoli aliyemshuku. Alimtangaza kesho yake tu ya ubatizo, alipojisikia vibaya, kilabuni, mbele ya watu, kwamba Ndikuriyo ni mlozi. Tangu hapo wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite.

Sasa, Happyness, kitinda mimba wa Anatoli, alipata mchumba, kijana wa Nyabusozi kule Biharamulo, na wakwe wakasema watakuja baada ya mavuno. Anatoli alifurahi, halafu papo hapo akaanza kushuku. Wakwe wanakuja na akina nani? Pombe watakayokunywa itakanyagwa na nani? Akasimama uani, ameshika mlango, akaapa mbele ya mke na binti yake: pombe ya Happyness ataikanyaga yeye mwenyewe kwa miguu yake. Mkono wa mtu mwingine hautaigusa. Ameozesha watoto wengine kwa pombe ya kununua, akakesha akiogopa mtu asije akafa nyumbani kwake. Huyu wa mwisho hapana.

"Baba Modestus," Eufrazia alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao, "wewe hapo mlangoni tu umeshachoka."

Kweli alikuwa amechoka. Kutoka kitini mpaka chooni alipumzika njiani. Mapaja yake, yaliyokuwa yakisifiwa kilabuni, yalikuwa yamebaki ngozi na mfupa. Hata hivyo siku iliyofuata alilifuata gogo la kukanyagia lililokuwa bandani, tupu, bila ndizi hata moja, akaingia ndani ajaribu. Hakumaliza kuinua mguu mara kumi. Eufrazia alimkuta amekaa ndani ya gogo, midomo imekuwa ya bluu, anavuta hewa kwa mabega. Mama yule aliita pikipiki.

Katika kituo cha afya daktari alimsikiliza kifua, akampulizisha kwenye bomba, akamwambia ana ugonjwa sugu wa mapafu, kwamba njia za hewa zimeharibika kwa moshi wa miaka mingi. Anatoli alimsikiliza kama mtu anayesikiliza muuza viatu. Akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, halafu akaelekezwa chumba cha mwisho barazani, kwa mtaalamu wa mazoezi.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mmoja mrefu, Yuster, mtoto wa Wasukuma waliohamia Nyamahanga na ng'ombe wao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mazoezi?"

"Ndiyo."

"Nimekuja hapa kwa sababu siwezi kutembea. Na wewe unataka nitembee."

Yuster alicheka. Alimweleza kwamba mapafu yake hayawezi kurudishwa kuwa mapya, lakini miguu inaweza kurudi. Mguu mnyonge unakula pumzi nyingi kwa kazi ndogo. Ukipata nguvu, zile pumzi chache alizonazo zitamtosha kwa mengi. Kisha akatoa kiboksi kidogo chenye nyaya na vibandiko, akasema kwa kuwa kwa sasa hawezi mazoezi mazito, wataanza na hiki. Vibandiko vinawekwa pajani, umeme mdogo wa betri unaamsha msuli, msuli unafanya kazi huku yeye amekaa na kifua kimetulia.

Anatoli alikitazama kiboksi. Akamtazama binti. Akakitazama tena kiboksi.

"Hiki kinaingiza au kinatoa?"

"Hakiingizi kitu wala hakitoi, babu. Kinaamsha tu."

"Kila chenye waya kinaingiza au kinatoa," alisema Anatoli, na hapo lazima tukubali kwamba kwa simu na redio zote alizowahi kuziona, alikuwa na hoja. "Tangulia wewe."

Alidhani atamshinda. Yuster alikaa kwenye kiti, akapandisha suruali ya kazini juu ya goti, akabandika, akawasha. Msuli juu ya goti lake ukaanza kuruka wenyewe, unajikaza, unalegea, unajikaza, kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Binti anaongea tu na kutabasamu, mguu unafanya mambo yake. Kwa Anatoli hilo lilikuwa baya kuliko yote aliyoyatarajia. Mtu ambaye mguu wake unacheza bila ruhusa yake na bado anatabasamu, huyo si mtu wa kuaminiwa. Wasukuma na dawa zao za ngoma, alijisemea.

Alikubali kwa sababu moja tu. Yuster alizima mashine, akamwonyesha mazoezi yatakayofuata miguu ikipata nguvu: alisimama, akashika mti uliopigiliwa ukutani, akaanza kupandisha goti moja na kushusha, jingine na kushusha, palepale, polepole, huku akipumua kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji. Anatoli alimtumbulia macho. Binti huyu wa Kisukuma, ambaye bila shaka hajawahi kuona gogo la pombe, alikuwa anakanyaga ndizi.

"Bandika," alisema.

Siku za kwanza alikuwa akienda nyumbani na kuyapima mapaja yake kwa kamba, kwa siri, aone kama yamepungua. Alimwambia Eufrazia amtazame usiku kama anatoka jasho la ajabu. Alimkataza Yuster kumbandika vibandiko vilivyotumiwa na mtu mwingine, na Yuster akamwambia kila mgonjwa ana vyake, hata asipokataza. Mapaja hayakupungua. Baada ya wiki kadhaa akawa anafika migombani bila kukaa njiani, na akashindwa kulifurahia jambo hilo vizuri, kwa kuwa alikuwa anatafuta ni nini kimefichwa ndani yake.

Halafu asubuhi moja alifika barazani, akamkuta Ndikuriyo amekaa kwenye benchi.

Alikuwa amekonda. Shingo yake imeingia mabegani, mikono ameegemeza magotini, anavuta hewa kwa namna ile ile ambayo Anatoli aliijua kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Kifua chake kilipiga filimbi. Anatoli alisimama kama aliyepigwa msumari.

"Huyu anafanya nini hapa?" aliuliza Ndikuriyo, hakumtazama.

"Mnafahamiana?" Yuster alikuwa anakunjua nyaya.

"Aliniua," alisema Anatoli.

"Mwongo huyo. Yeye ndiye aliyeniua mimi." Ndikuriyo alikohoa, akajifuta. "Alinitangaza kijiji kizima, akakimbilia kwa mganga Biharamulo. Aliporudi tu, kifua changu kikabana kabisa. Alinitumia kitu. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Yuster aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Poleni na misiba, wazee wangu," alisema. "Marehemu mmoja akae huku, mwingine kule, tuanze mazoezi."

Anatoli aliwaza kuondoka. Lakini ndizi za Happyness zilikuwa zinakomaa, na akiondoka yeye ndiye atakayekuwa amefukuzwa. Akabaki. Ndikuriyo naye akabaki, bila shaka kwa ukaidi huo huo. Ikawa kila siku ya mazoezi wanakaa ncha mbili za benchi, mapaja yanaruka, kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Ndikuriyo akisimama na kukaa mara kadhaa bila kushika kitu, Anatoli anaongeza moja. Anatoli akizunguka baraza, Ndikuriyo anazunguka na kurudia. Yuster aliwaambia wageni kwamba hajawahi kupata wagonjwa wenye bidii namna ile, na hakueleza sababu.

Moyoni Anatoli hakuwa na amani. Kama Ndikuriyo ndiye mwenye sumu, mbona naye anaumwa? Alilitafutia jibu, akalipata: sumu imemrudia mwenyewe. Jibu lilimridhisha kwa siku mbili. Siku ya tatu akaanza kulishuku hata hilo.

Kisha ikaja zamu ya mrija. Yuster alileta chupa za maji, moja kwa kila mtu, na mirija. Alitaka wavute hewa kwa pua, kisha wapulize taratibu kupitia mrija mpaka maji yatoe mapovu, ili wajifunze kutoa hewa yote iliyokwama kifuani. Ndikuriyo alianza. Aliupeleka mrija mdomoni, akasita. Kikohozi kilikuwa kinapanda. Anatoli alikiona kinapanda shingoni. Ndikuriyo akageuza uso pembeni, mbali na chupa, akanyoosha mkono kinyumenyume kumrudishia Yuster chupa ile kabla hajaipuliza, ndipo akainama na kukohoa mpaka machozi yakatoka.

Anatoli aliujua mkono huo. Alikuwa ameuona kila usiku kwa zaidi ya miaka kumi. Bega lilikuwa lile, kiwiko kile, uso ule ule ukikimbilia pembeni. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii alikisikia kikohozi, maana barazani hapakuwa na nyimbo.

Alirudi nyumbani. Jioni alimwita Eufrazia.

"Siku ya ubatizo kule kwa Ndikuriyo. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nyuma yenu, na wanawake."

"Alipogeuka, alifanya nini?"

"Alikohoa. Alikwenda migombani akakohoa sana, mkewe akampelekea maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

Eufrazia aliacha kumenya ndizi. "Nilikuambia, Baba Modestus. Nilikuambia wiki hiyo hiyo. Ukasema na mimi nimelishwa, ndiyo maana namtetea. Ukakataa kula chakula changu mpaka Jumapili."

Hakukumbuka kwamba aliambiwa. Kisha akakumbuka. Aliona aibu, aibu ya kumchoma, na kwa kuwa hakuizoea, ilimkasirisha. Alimkasirikia Ndikuriyo kwa kutokuwa na hatia. Usiku ule aliwaza tena: labda anaigiza. Labda ameona naujua mkono wake, akaamua kuurudia makusudi. Aliigeuza fikra hiyo huku na huku, na kwa mara ya kwanza ikamchosha kabla yeye hajaichosha.

Siku ya pili yake alichukua fimbo akafuata njia ya kwenda kwa Ndikuriyo, njia ambayo kwa upande wake ilikuwa imeota nyasi. Alipumzika mahali, akapoza uji usiokuwepo kama alivyofundishwa, akaendelea. Ndikuriyo alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa. Alimwona tangu mbali na hakusimama.

"Umepotea njia?"

"Nina ndizi za Happyness," alisema Anatoli. "Sina mwenza."

"Vijana wamejaa."

"Vijana hawajui mguu wangu."

Kuku wakapita katikati yao.

"Siku ile," Anatoli alisema, na maneno yakawa mazito kuliko kilima. "Ulikuwa unakohoa."

"Ningekohoa ndani ya kibuyu? Mbele ya padri na wakwe? Mpika pombe mwenye kifua kibovu, nani angenunua kwetu tena? Nani angenunua kwako?" Ndikuriyo alitazama mikono yake. "Kesho yake nilikuja kukueleza, mugenzi. Nilipitia kilabuni. Nikakuta umeshanitangaza."

Mugenzi ni rafiki, mtu wa kutembea naye. Anatoli hakuwa ameitwa hivyo na mtu yeyote tangu wakati huo. Alitaka kusema nisamehe, akashindwa, akabaki anachora ardhi kwa fimbo. Ndikuriyo alimwacha achore.

"Nitakanyaga," alisema mwishowe. "Kwa ajili ya mtoto. Lakini kunywa, sinywi. Wewe ulikwenda kwa mganga, na sijui alikupa nini."

"Alinitapisha tu."

"Ndivyo unavyosema."

Lugha hiyo Anatoli aliijua vizuri.

Kazi ya kuivisha waliachiwa vijana, na Yuster alikuwa amepiga marufuku moshi, basi ndizi ziliivishwa kwa majani makavu na jua, zikachelewa, watu wakalalamika. Siku ya kukanyaga wazee walinawa miguu, wakaingia ndani ya gogo, wakashika mti. Pembeni, Ndikuriyo alikuwa ameweka chupa yake ya maji aliyotoka nayo kwake, imefungwa sana. Eufrazia aliweka viti viwili. Walikanyaga kidogo, wakakaa, wakapuliza hewa kwa midomo iliyobanwa, wakarudi. Nyimbo hawakuweza, pumzi hazikutosha kwa kukanyaga na kuimba. Lakini miguu ilikumbuka. Ilipanda pamoja na kushuka pamoja, kama Yuster alivyowapangia bila kujua, na kazi ambayo zamani waliimaliza kabla ya chai iliwachukua mpaka jua linaelekea Burundi. Walipotoka kwenye gogo Anatoli alitetemeka mapaja, akayashika kwa viganja, akacheka peke yake. Rubisi ya Happyness ilikuwa imekanyagwa kwa miguu yake.

Wakwe walikuja na gari kutoka Nyabusozi, wengi kuliko walivyosema, na Anatoli aliwashuku wale wa ziada. Alivaa koti. Alisimama kuwapokea mmoja mmoja, akaitikia shikamoo zote, akaulizwa habari akaeleza, akaonyesha kila mmoja pa kukaa. Vumbi la gari lilikuwa bado linaelea uani. Padri alikaa mbele, Happyness alikaa ndani akichungulia dirishani. Ndikuriyo alikuwa kwenye kiti cha mwenza, karibu na mtungi, na chupa yake ya maji katikati ya miguu.

Kibuyu cha kwanza kikachotwa. Watu wakanyamaza, maana hapo ndipo shughuli inapoanza. Anatoli alitia mrija, akaupeleka mdomoni.

Kifua kikafunga.

Alikijua kikohozi kile kabla hakijafika shingoni. Alijaribu kukimeza, kikakataa. Alijaribu kuvuta fundo moja, moja tu, akaona wazi kwamba akivuta atakitema chote ndani ya kibuyu mbele ya wakwe. Alisimama hapo, uso umevimba, macho yanatoka machozi, na hakuwa na mahali pa kuupeleka uso wake isipokuwa pembeni, kwenye migomba. Akageuka. Mkono wake ukanyooka kinyumenyume na kibuyu, wenyewe, kama mguu chini ya nyaya za Yuster. Hakikuwa kimeonjwa. Kila mtu aliona.

Aliinama akakohoa. Nyuma yake alisikia mnong'ono upande wa wakwe, kisha kiti cha Eufrazia kikisogezwa, mama wa watu anasimama aje aonje badala yake. Anatoli alijua kinachopita vichwani mwao wote. Alijua neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa ameishi nalo. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, akamwogopea Happyness dirishani, na alijua kwamba mtu mmoja tu pale uani ndiye mwenye haki kamili ya kukiacha kibuyu kile hewani.

Uzito ukaondoka mkononi mwake.

Alipogeuza kichwa, Ndikuriyo alikuwa amesimama, ameshikilia kibuyu kifuani. Alikuwa anautazama mrija. Aliutazama kwa muda, na chupa yake ya maji ilikuwa palepale chini, imefungwa.

"Leo natangulia mimi," alisema kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma kabisa.

Akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akameza, watu wote wakaona koo likishuka. Akavuta tena. Kisha akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akangoja Anatoli amalize kukohoa.